Jinsi ya kukata tiketi na kupanda treni ya SGR Miritini

Kabla hujagusa simu, toa kitambulisho ukiweke mbele yako. Tiketi ya Madaraka Express, yaani treni ya abiria ya reli ya kisasa (SGR) kati ya Mombasa na Nairobi, hukatwa kwa jina na nambari ya kitambulisho, na askari wa stesheni huvilinganisha vyote viwili. Kama nyumbani waitwa Mwanaisha na kadi yasema Aisha, andika Aisha. Ukimkatia shangazi, weka jina la shangazi na nambari yake, sio zako, kwa sababu tiketi haihamishwi kwa mtu mwingine hata mkiwa mmetoka tumbo moja. Mgeni hutumia pasipoti. Mtoto mchukulie cheti cha kuzaliwa: chini ya miaka 3 halipi, wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu.

Sasa piga *639#, au ingia kwenye tovuti ya Shirika la Reli. Chagua utokako na uendako, tarehe, treni na daraja, kisha ulipe kwa M-Pesa. Utaletewa ujumbe wenye nambari ya tiketi. Usiufute. Anayeshuka njiani, kama Mariakani, Voi, Kibwezi au Emali, achukue treni ya saa mbili asubuhi. Za saa tisa alasiri na saa nne usiku ni za wanaokwenda Nairobi. Nauli ya safari nzima ilipandishwa Januari 2024: shilingi 1,500 daraja la kawaida, 4,500 daraja la kwanza. Mchana daraja la kawaida latosha kabisa, ila viti vyake havilali nyuma na magoti yako yatakutana na ya mwenzio wa mbele. Kwa safari ya usiku, mwenye mgongo mbovu afikirie mara mbili. Shule zikifungwa au Krismasi ikikaribia, kata wiki kadhaa mbele.

Stesheni iko Miritini, sio mjini, na malori ya bandarini hapo Changamwe hayajui kama una safari. Kanuni ni kufika saa moja kabla. Mimi nakushauri uwe getini saa moja na nusu kabla. Watu wa Ukunda na Diani siku hizi wana barabara ya Dongo Kundu, hawana haja ya kulala foleni ya feri Likoni.

Getini ndipo wageni wa treni hii hushangaa. Mtaambiwa mpange mabegi chini kwa safu, kila mtu arudi nyuma, halafu askari apite na mbwa akinusa begi moja baada ya jingine. Pua hiyo ni mbichi na haichagui pa kugusa. Mwenye mswala au kanzu ya Ijumaa avitie ndani kabisa, kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, wala asivifunge juu ya begi. Usibishane na askari. Foleni nzima itaumia kwa ajili yako. Baada ya mbwa kuna mashine ya mabegi na kupapaswa mwili, na ukaguzi utarudiwa mbele. Kisu cha kumenyea maembe ya kumpelekea mjomba kitabaki hapo. Pombe, petroli na mtungi wa gesi pia havipiti.

Ukishavuka, chapisha tiketi kwenye mashine au dirishani kwa kutumia ule ujumbe. Simu iwe na chaji. Soma nambari ya behewa na ya kiti ukiwa bado umekaa ukumbini, maana treni ni ndefu na jukwaani kila mtu anakimbia. Tiketi na kitambulisho viwe mkononi, vitatakiwa tena.

Nairobi utashukia Syokimau, bado mbali na mjini. Kuna treni ndogo inayowasubiri abiria wa SGR kuwafikisha stesheni ya kati. Ukishuka tu fuata wenye haraka, kabla hujaanza kusikiliza bei za wenye teksi.