Kabla hujapanda ngazi zangu kuja kutogwa chuchu

"Dada, inauma?" Ndilo swali la kwanza, hata kabla mtu hajavua viatu mlangoni. Inauma. Sindano ikipita utavuta pumzi kwa nguvu na pengine utamtaja mamako. Lakini ni sekunde mbili, tatu, basi. Aliyejiandaa kwa sekunde hizo peke yake namrudisha nyumbani akaifikirie miezi 9 hadi 12 itakayofuata, maana huo ndio muda chuchu inaochukua kupona mpaka ndani. Ndewe ya sikio hupona kwa wiki 6 hadi 8, na wengi hudhani kila tundu ni hivyo.

Nyanya yangu alinitoga masikio kwa mwiba wa mndimu, akapaka mafuta ya nazi, akapitisha kijinjiti cha ufagio wa chelewa ili tundu lisizibe. Nikapona. Kwa hiyo nilipofika miaka 24, na rafiki yangu akaniambia kuna saluni wanatoboa popote utakapo, sikuona la kuogopa. Msichana wa pale alinitoboa titi la kushoto kwa bunduki ile ile ya masikio, akaniachia kipini kifupi cha masikio. Siku ya tatu chuchu ilikuwa imevimba hadi ikakimeza kipini, upande mmoja sikukiona tena. Nilijitibu kwa spiriti na kwa aibu wiki mbili nzima. Nilipokwenda hospitali jipu lilikuwa limeiva, wakalipasua.

Hilo lingeisha hapo. Lakini miaka sita baadaye nilijifungua, na titi la kulia likatoa maziwa vizuri ilhali la kushoto lilijaa, likawa gumu kama embe bichi, na maziwa yakatoka upande mmoja tu wa chuchu. Kovu lilikuwa limeziba baadhi ya mifereji. Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, nikiwafundisha wenzangu kunyonyesha.

Sisemi kutogwa huzuia kunyonyesha. Waliotogwa vizuri na kupona vizuri hunyonyesha, wengi wao bila tabu, ila wanavua kipini kabla mtoto hajashika titi, maana gololi, ule mpira mdogo unaofunga ncha ya kipini, ikifunguka kinywani mwa mtoto itamkaba. Ninalosema ni kwamba sikio husamehe mengi ambayo chuchu haiyasamehi. Baadaye nikajifunza kazi hii vizuri, nikaacha wodi, na sasa nina chumba changu hapa Mombasa, ghorofa ya pili, juu ya fundi wa nguo.

Nitakaowarudisha

Mjamzito namrudisha. Anayenyonyesha pia, na aliyemwachisha mtoto namwambia angoje angalau miezi mitatu, titi litulie. Mwenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa, mwenye kunywa dawa za kufanya damu iwe nyepesi, na mwenye ugonjwa wa vali za moyo, wote hao waanze kwa daktari wao. La moyo watu hulipuuza, na hapa kwetu wako wengi ambao homa ya baridi yabisi ya utotoni iliwaachia vali mbovu. Bakteria wakiingia kwenye damu kupitia kidonda cha chuchu wanaweza kwenda kukaa kwenye vali hizo, na hapo habari si ya kipini tena.

Kisha nakuomba uniinulie mkono wa kushoto. Natafuta kovu la BCG, ile chanjo ya kifua kikuu. Likiwa bapa, naendelea. Likiwa limeinuka, linang'aa, limezidi ukubwa wa kidonda chenyewe, au kama ndewe yako imeota kinyama kigumu nyuma, mwili wako una tabia ya keloidi. Ngozi nyeusi huwa nazo zaidi. Keloidi ya sikioni unaweza kuifunika kwa mtandio, ya kwenye titi itakuwasha na kukuuma ndani ya sidiria miaka nenda miaka rudi.

Naangalia kitambulisho, chini ya miaka 18 hakuna mazungumzo. Na kama umekuja na mwanamume, nitamwomba akanunue madafu huko chini, nikuulize tukiwa wawili: anayetaka ni nani? Nimeshawarudisha watano waliojibu, "Yeye." Mmoja alirudi mwaka uliofuata, peke yake, kwa ajili yake mwenyewe. Tukacheka sana.

Na chini ya kitovu? Kwa wanawake mimi sitobi, na ujue sababu. Shirika la Afya Duniani limeweka kutoboa viungo vya siri vya mwanamke bila sababu ya kitabibu katika aina ya nne ya ukeketaji. Hapa Kenya Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya 2011 inataja jeraha lolote kwenye viungo hivyo bila sababu ya matibabu, na inasema wazi kwamba ridhaa ya aliyefanyiwa si kinga kwa aliyefanya. Unaweza kuona haina maana kwamba mwanamke mzima, mwenye akili zake, analindwa na sheria iliyotungwa kwa ajili ya wasichana waliokamatwa kwa nguvu. Labda. Lakini mtu akikwambia Mombasa hii kwamba "hakuna shida, saini hapa tu," ujue hajaisoma sheria, na ambaye hajaisoma sheria pengine hajasoma mengine pia.

Wanaume nawaelekeza kwa mwenzangu mwanamume. Nao ninawaambia mambo matatu tu: damu itatoka siku kadhaa na hilo ni kawaida, kondomu ni lazima muda wote wa kupona, na ile hadithi ya mume wa Malkia Victoria kuvaa pete huko haina ushahidi wowote, ilienezwa na kijitabu kilichoandikwa Marekani miaka ya 1970.

Nitazame mikono

Ukifika kwa mtoboaji yeyote, usitazame picha ukutani. Mtazame mikono. Amenawa? Amevaa glavu mpya, na akishika simu anazibadilisha? Sindano iwe yenye tundu katikati, ya kutumika mara moja, na aifungue mbele yako. Akitoa bunduki, shuka ngazi. Bunduki haikati njia, inasukuma kipini butu kwa nguvu mpaka ngozi ipasuke, na kwa kuwa ina plastiki haiwezi kuingia kwenye mtungi wa kusafishia kwa mvuke.

Mtungi huo, otoklevu, mwombe akuonyeshe. Unafanya kazi kama sufuria ya presha: mvuke wa nyuzi 121 kwa angalau dakika 15. Koleo na vipini huwekwa kwenye vifuko vyenye alama inayobadilika rangi vikishapita, kwa hiyo angalia alama ya kifuko chako kabla hakijachanwa. Kuchemsha kwenye birika hakutoshi, wala kuchovya kwenye spiriti. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata damu ikiwa imekauka na huioni. Ugonjwa huo una chanjo, dozi tatu ndani ya miezi 6, na waliozaliwa Kenya miaka ya 1990 hawakuipata utotoni. Ianze kabla hujaanza kutafuta kipini. Na kama umeshatobolewa mahali halafu ukaingiwa na shaka kuhusu sindano, usikae nayo: dawa za PEP za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na kumezwa siku 28.

Kipini chenyewe kiwe cha titani ya kuwekwa mwilini, ile yenye alama ASTM F136. Dhahabu nzuri ya karati 14 au zaidi, isiyo na nikeli, pia inafaa. Dhahabu ya kupaka inabanduka, na chini yake ndiko iliko nikeli inayowasha. Fedha kwenye kidonda kibichi inageuka nyeusi na inaweza kuacha doa lisilotoka. Wateja huniletea vya mama zao, vizuri kweli, vya sonara wa Mji wa Kale. Nawaambia wavitunze, tutavivaa mwaka ujao. Cha kuanzia kiwe kijiti kilichonyooka, unene wa milimita 1.6 au zaidi, na kirefu kuliko utakavyopenda kukiona. Urefu huo ni nafasi ya uvimbe. Ukishapungua, unarudi tunaweka kifupi.

Hesabu kalenda

Bibi harusi huja wiki mbili kabla ya harusi. Kila mwaka, kila msimu. Nikimwambia kwamba hatasingwa kifuani, kwamba liwa na udongo wa singo haviwezi kupita juu ya kidonda, kwamba bwana harusi hataruhusiwa kugusa wala kuweka mdomo kwa miezi, hunitazama kama nimemnyima chakula. Mate ya mtu mwingine ni bakteria wa mtu mwingine, hata akiwa mume wa halali.

Wa pili ni wale wanaosubiri viza ya Ghuba. Binti mmoja alikuja kwangu amefurahi, mkataba wa Saudia umekaribia, akitaka zawadi yake mwenyewe. Hakuniambia habari ya vipimo, nami kosa langu sikuuliza. Wiki ya tatu akaitwa kupigwa picha ya kifua, ambayo ni lazima kwa sababu ya kifua kikuu, akaambiwa avue kila chuma. Akavua. Alipotoka kule na kujaribu kurudisha, tundu lilikuwa limeshabana. Alinipigia akilia yuko kituo cha matatu. Tangu siku hiyo swali langu la tatu ni, "Una safari?"

Bahari nayo. Hupaswi kuzama baharini wala kwenye bwawa la kuogelea mpaka upone, na usiamini anayekwambia maji ya bahari ni dawa kwa kuwa yana chumvi. Yana chumvi pamoja na yote yanayomwagwa kutoka mjini. Hata maji ya kisima ya chumvi usitumie. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kuhusu josho, kama maji yatafika panapostahili kufika. Hilo nilimwambia amuulize sheikh wake. Mimi ninalojua ni kwamba maji safi yanayotiririka kutoka bombani hayadhuru, kinachodhuru ni kulowa ndani ya maji yaliyotuama.

Ukishafika nyumbani

Nunua duka la dawa chupa ya maji ya dripu, yale ya chumvi asilimia 0.9. Mara mbili kwa siku nawa mikono, lowesha shashi safi, weka juu ya chuchu dakika chache mpaka magamba yalainike, yafute taratibu, kausha. Huwezi kuyapata? Chemsha lita moja ya maji, tia kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi kikiwa sawasawa na ukingo, acha yapoe, na kesho uchemshe mengine. Basi. Hakuna spiriti, hakuna Dettol, hakuna mafuta ya habat soda ya shangazi, hakuna kuzungusha kipini "kisigande." Kila ukizungusha unachana ngozi changa iliyoanza kujishika.

Dodoki liondoe bafuni leo hii. Nimeona vidonda vingi vilivyochanwa na dodoki kuliko vilivyochanwa na wapenzi. Vaa sidiria laini ya pamba isiyo na lesi, hata usiku, kwa sababu nyuzi za leso unayojifunika hunasa kwenye gololi na wewe ukigeuka usingizini unaamka unapiga mayowe. Kwenye tuktuk mkoba usiupitishe kifuani.

Majimaji meupe au ya manjano hafifu yanayokauka na kuwa gamba ni kawaida, ndivyo mwili unavyopona. Usaha mzito wenye harufu, titi kuwa na joto kuliko lenzake, homa, uvimbe mgumu unaokua, hayo si kawaida. Vitabu vitakwambia tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu haujitokezi vizuri, kwa hiyo gusa kwa mgongo wa kiganja: joto ndilo litakalokwambia. Nenda kwa daktari, na usivue kipini mwenyewe kabla hajaona, maana tundu likijifunga usaha unabaki ndani kama wangu ulivyobaki. Na jipu linaweza kuja hata baada ya miezi, ukidhani umeshapona.

Siku yenyewe kula kwanza. Mtu aliyefunga namwambia arudi baada ya futari, sitaki mtu azimie kwenye zile ngazi. Vaa blauzi ya vifungo. Usipake barafu, inakaza ngozi tu, na usinywe pombe jana yake wala asubuhi yake.

Mara moja kwa wiki, mikono ikiwa safi, kaza gololi zote mbili: kila moja huzungushwa kulia ukiitazama kutoka upande wake, ukiishika ile nyingine isizunguke. Nitakupa moja ya akiba kwenye kifuko kilichofungwa. Ikianguka usiku, usingoje asubuhi wala usinipigie kwanza. Washa taa, nawa, fungua kifuko, irudishe hapo hapo, kisha ndiyo upige.