Bwawa jipya linavuja? Usivunje taili hata moja kabla hujajua maji yanatokea wapi

Bwawa limeisha, picha zimepigwa, wiki ya pili unaona maji yameshuka chini ya mstari wa taili na ukimpigia fundi anakwambia bosi hilo ni jua tu. Saa nyingine ni jua kweli. Bwawa la wazi huku pwani linapoteza kama nusu sentimita kwa siku, upepo ukivuma sana inafika milimita 7 au 8. Lakini kama lako linashuka sentimita mbili tatu kila siku, hapo jua linasingiziwa, na bwawa la mita 8 kwa 4 kila sentimita moja ni lita 320, kama unanunua maji ya boza piga hesabu mwenyewe.

Kubishana hakusaidii, chukua ndoo. Kwanza funga ile koki inayojaza bwawa yenyewe kwa boya, maana hiyo inaficha uvujaji miezi na miezi na wewe unashangaa tu bili ya maji. Jaza ndoo maji ya bwawa, iweke kwenye ngazi ya juu na jiwe ndani isielee, maji ya ndani na ya nje yalingane, weka alama pande zote mbili. Zima pampu saa 24 uone. Jua linakula ndoo na bwawa sawasawa, kwa hiyo bwawa likishuka kuliko ndoo hiyo tofauti ndiyo inayovuja. Kesho yake rudia pampu ikiwa inazunguka kama kawaida. Ikinyesha mvua, anza upya.

Linashuka zaidi pampu ikiwaka? Shida iko kwenye mabomba yanayorudisha maji, yale yenye presha. Linashuka zaidi pampu ikizimwa, na ukiwasha unaona mapovu yanatoka kwenye matundu ya kurudishia, basi angalia bomba la kuvuta, linanyonya hewa hilo. Ikiwa ni sawa siku zote mbili, mara nyingi ni zege lenyewe au vitu vilivyopita kwenye zege.

Halafu kama bado huelewi, acha maji yashuke yenyewe uone yanasimama wapi (usiwashe pampu maji yakiwa chini ya skima, kile kisanduku cha ukutani kinachovuta maji ya juu na takataka, utaiunguza). Yakisimama usawa wa skima, kosa liko kwenye skima, pale plastiki inapokutana na zege, na hapo kwa kweli ndipo mabwawa mengi mapya yanapovujia. Yakisimama usawa wa taa, ni lile bomba la waya nyuma ya taa. Hapo zima umeme wa bwawa wote, watoto wasiingie, muite fundi umeme akague, na hakikisha taa ni za volti 12, wapo wanaofunga ya 240 moja kwa moja na hilo sio la kuchekea. Kupata tundu kamili vuta rangi ya chakula kwenye bomba la sindano, maji yametulia, pampu imezimwa, idondoshe taratibu karibu na ufa. Kama panavuja utaiona rangi inaingia ndani.

Sasa kosa ambalo mafundi wengi wanalikimbilia, kumwaga maji yote ili "tuone vizuri". Kama uko karibu na bahari au ni masika, chini ya bwawa kuna maji ya ardhini yanayosukuma juu, na bwawa tupu linaweza kunyanyuka kama boti au kupasuka sakafu. Uliza kwanza kama chini kuna valvu ya kupunguza hiyo presha, na chimba shimo pembeni uone maji yako kina gani. Kama hawana jibu, wasimwage.

Ufa nao usiufunike haraka. Paka plasta nyembamba ya jipsamu juu yake sehemu iliyo kavu, andika tarehe. Plasta ikipasuka maana yake ufa bado unatembea, hiyo ni kazi ya injinia, pengine udongo chini haukushindiliwa au nondo ni chache, na hata upake dawa ya kuzuia maji mara kumi itarudi pale pale. Ufa uliotulia unachimbwa, unasafishwa, unajazwa kwa sindano ya epoksi au saruji maalum inayoganda haraka. Sehemu nyingine korofi ni pale sakafu inapokutana na ukuta, kwa sababu zege la sakafu limemwagwa leo na la ukuta wiki mbili baadaye bila ule mkanda wa kuzuia maji katikati. Ukiona madoa ya kahawia yanatokeza kwenye grauti, ile saruji ya kati ya taili na taili, wasiwasi wangu ni nondo inayooza, mara nyingi nondo imekaa karibu mno na maji au walitumia mchanga wa baharini wenye chumvi. Taili gonga kwa sarafu, ikilia tupu haijashika.

Pesa sasa. Angalia mkataba una kipindi cha matazamio, yaani muda ambao kontrakta anapaswa kurekebisha kasoro, kawaida miezi 6 au 12, na asilimia 5 mpaka 10 ya malipo uliyoizuia mpaka kiishe. Kama ulishalipa yote una kazi. Mwandikie kontrakta barua, usiishie kwenye simu, na picha zenye tarehe na vipimo vya ndoo, mpe siku za kuja, na usimruhusu fundi mwingine kugusa kabla yeye hajaja, la sivyo atasema nyinyi ndio mmeharibu. Akipiga chenga, tafuta injinia wa kujitegemea aandike ripoti, na kama kontrakta amesajiliwa na CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi ya Tanzania, unaweza kupeleka malalamiko huko.

Wakimaliza kutengeneza wasikimbilie kuweka taili. Jaza maji kwanza, acha siku 7 maana zege jipya lenyewe linanyonya, ndio uanze kupima tena na ndoo, pampu ikiwa imezimwa na ikiwa inawaka. Mabomba nayo yapimwe kwa presha kabla hayajafukiwa, ukiwepo mwenyewe unaangalia geji. Hapo ndio toa hela iliyobaki.