Kabla hujaenda kupiga picha harusi ya Kiitaliano

Kabla ya kufikiria lenzi, uliza harusi ni ya wapi. Ya Milano, kaskazini mwa Italia, si ya Puglia, kusini. Hapa nazungumzia ya kusini, ya kanisani, ambayo kazi yake huanza usiku wa kuamkia siku yenyewe. Bwana harusi huja na wapigaji wake, akodioni na gitaa, kumwimbia mchumba chini ya dirisha mpaka atokeze roshani. Hiyo ndiyo serenata. Ukishapatana bei ya siku moja halafu usiku ukaambiwa uje, umeliwa. Uchochoro wenyewe ni giza na taa za mtaa ni za manjano, kwa hiyo beba lenzi inayofunguka hadi f/1.8, yaani inayopitisha mwanga mwingi, flashi iache begini.

Jumamosi hugombaniwa, maana Waitaliano wana msemo kwamba Ijumaa na Jumanne haiolewi wala haisafiriwi. Weka miadi mapema. Uliza pia kama katikati ya mji mkongwe gari linaruhusiwa. Miji mingi ina eneo la ZTL, yaani sehemu ambayo gari lisilo na kibali haliingii, na kamera za barabarani hazijui kwamba umechelewa harusini.

Asubuhi, nyumbani kwa bibi harusi, usimwombe avae hereni za dhahabu ili picha ing'ae. Wengi hawataki dhahabu yoyote mwilini siku hiyo isipokuwa pete ya ndoa. Ukiomba, shangazi atakukata jicho.

Paroko mwone siku moja au mbili kabla, kwa adabu. Muulize usimame wapi, flashi inaruhusiwa au la, na wakati gani hataki uonekane ukitembea. Washa shata ya kimya. Wengi hujisahau mwishoni: wanafunga begi misa ikiisha, kumbe ndoa bado ina kazi. Tangu makubaliano ya mwaka 1929 kati ya Italia na Vatikani, ndoa ya kanisani hutambuliwa pia na serikali, na padri huwasomea maharusi vifungu vya 143, 144 na 147 vya Sheria ya Kiraia. Kisha wao na mashahidi wanatia sahihi. Ukisikia "articolo 143", kaa tayari: kalamu inakuja, na mashahidi hujazana mezani wakakuziba.

Halafu mlango, na mchele. Ndani kulikuwa giza, nje jua la saa saba linachoma, na una sekunde chache tu. Weka kamera ya pili tayari kwa mwanga wa nje, shata 1/1000 ya sekunde, punje zisimame hewani. Ukishuka mpaka 1/125 utapata michirizi kama mvua, nayo ina uzuri wake. Tangulia kutoka, simama chini ya ngazi. Mimi siku moja nilikuwa nabadilisha lenzi palepale mlangoni, wakanimwagia kutoka nyuma. Punje mbili ziliingia ndani ya kamera, nikamaliza siku nzima na ile nyingine. Tangu siku hiyo sibadilishi lenzi mpaka nifike kwenye gari.

Chakula ni saa nyingi, sahani baada ya sahani. Mwambie mwenye shughuli mapema kwamba na wewe utakula, na upate ratiba ya jikoni. Keki mara nyingi hukatwa usiku, nje. Kuna harusi ambazo tai ya bwana harusi hukatwa vipande na kuuzwa meza kwa meza, na wakipiga kelele "Bacio! Bacio!" geuka haraka, busu halingoji.

Mwisho kabisa maharusi huzunguka wakigawa confetti, lozi zilizopakwa sukari, maarufu zaidi zikiwa za Sulmona. Idadi ni witiri, kwa kawaida tano. Hapo achana na nyuso, piga mikono: kijiko cha fedha, na kiganja cha bibi kizee kilichokunjwa kama bakuli.