VM ya Linux inazima ikiwaka? Usifute, angalia kwanza imefia wapi

Wadau habari zenu, hii naandikia vijana wetu wa hapa Kampala, na wa Jinja, Arua, Busia, kokote mtu anapojifunza Linux ndani ya VirtualBox (programu ya kuendesha VM, yaani kompyuta ya kuigiza) kwenye laptopu ya mtumba. Napigiwa simu sana, "kaka VM yangu imekufa, inawaka kidogo inazima", nikiuliza umefanya nini naambiwa nishafuta, naanza kuinstoli upya. Jamani msifute! ISO (faili ya kuinstolia) ya Ubuntu Desktop 24.04 ni karibu GB 6, hiyo ni data ya pesa, alafu kazi zako zote zilizokuwa mle ndani zimeenda, na mara nyingi kilichoharibika ni kitu kidogo tu cha dakika kumi.

Kabla ya kugusa chochote zima VM kabisa, fungua folda yake, kopi faili ya diski (ile inaishia na .vdi) uiweke pembeni, hata kwenye flashi ya rafiki. Na ukiwa hapo hapo angalia nafasi iliyobaki kwenye diski ya laptopu yenyewe, maana .vdi nyingi zinakua kadri unavyotumia na snapshoti (picha za hali ya VM ulizohifadhi) nazo zinakula, diski ya laptopu ikijaa VM inasimama katikati ya kazi hata kama ndani ya Linux unaona nafasi tele. Na kama VM uliiacha kwenye hali ya kuhifadhiwa (Saved) na sasa inagoma kuamka, jaribu kutupa hiyo hali, haifuti diski, inapoteza tu kilichokuwa wazi wakati ule:

VBoxManage discardstate "jina la VM"

Sasa swali lenyewe, imefia wapi? Kabla ya menyu ya GRUB (ile inayoanzisha Linux), baada ya GRUB kaneli (moyo wa Linux) ikipakia, au mwisho kabisa ukingoja kulogin? Ukijua hapo umeshamaliza nusu ya kazi, ukikosa kujua utabadilisha vitu kumi na hutajua kipi kimesaidia na kipi kimeongeza ubaya.

Ikifa kabla ya GRUB usilaumu Linux, haijafika hata kuanza. Hapo mara nyingi tatizo liko kwenye VirtualBox au laptopu. Mashine nyingi za mtumba zinakuja VT-x (uwezo wa prosesa kuendesha VM) imezimwa kwenye BIOS (setingi za laptopu kabla mfumo haujawaka), kwa hiyo ingia BIOS (HP ni F10, Dell F2, ThinkPad F1), tafuta Virtualization Technology, iwashe, sevu. Na ukienda dukani kununua laptopu muombe muuzaji afungue BIOS mbele yako, kuna ambazo zina paswedi ya ofisi ya zamani na ukishaondoka nayo hapo ni shida kubwa.

Kama laptopu ni Windows angalia chini kulia mwa dirisha la VM, ukiona kialama cha kobe wa kijani ujue Hyper-V (mtambo wa VM wa Windows yenyewe) imeshika prosesa na VirtualBox inapita kwa mlango wa nyuma, ndio maana inaburuta au inaanguka. Fungua Command Prompt kama administrator uandike bcdedit /set hypervisorlaunchtype off, alafu uzime uwashe. Ila ukitumia WSL2 au Docker Desktop hivyo vitasimama, chagua mwenyewe.

Kama laptopu yenyewe ni Linux na VM ilikuwa inafanya kazi vizuri mpaka ulipoapdeti, soma eraa. Ukikuta VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE, sababu ni kaneli 6.12 na kuendelea, ambapo moduli ya KVM (mtambo wa VM wa Linux yenyewe) inashika prosesa mara tu inapopakiwa, zamani ilikuwa inangoja mpaka mtu awashe VM ya KVM. Iondoe hivi:

sudo modprobe -r kvm_intel kvm

AMD ni kvm_amd badala ya kvm_intel. Ukitaka idumu ongeza kvm.enable_virt_at_load=0 kwenye mstari wa kaneli wa GRUB ya laptopu. Na likitokea lile dirisha la Guru Meditation (VirtualBox ikisema VM imeanguka) usifunge kwa hasira, nenda kwenye folda ya VM, ndani kuna Logs, fungua VBox.log utafute neno VERR_, hilo ndilo la kuuliza watu, "imegoma" haimsaidii mtu yeyote kukusaidia.

Kingine kidogo, ukiona Shell> kwenye skrini nyeusi mara nyingi kuna mtu amegusa tiki ya EFI (njia mpya ya kuwasha mashine badala ya BIOS) kwenye setingi za VM. Irudishe ilivyokuwa siku ya kuinstoli, basi.

Haya, GRUB imepita ila maandishi yanakimbia alafu kimya. Hapa ndipo watu wengi wanakwama kwa sababu Ubuntu inaficha maandishi nyuma ya ile logo. Washa VM ushike Shift (kama ni EFI gonga Esc), menyu ya GRUB ikija bonyeza e, shuka mpaka mstari unaoanza na linux, futa quiet splash, alafu Ctrl+X. Yakikimbia kuliko macho rekodi video kwa simu, kisha icheze polepole usimamishe kwenye mistari ya mwisho, mimi nafanya hivyo mpaka leo. Njia safi zaidi ni kwenye setingi za VM, Serial Ports, washa COM1 uchague Raw File uipe jina la faili, alafu kwenye ule ule mstari wa linux ongeza console=tty0 console=ttyS0,115200, kila neno la kaneli litaandikwa kwenye faili na utalisoma kwa utulivu.

Kuna kijana wa Jinja alikuwa anapiga apdeti ndani ya VM, umeme ukakatika, betri ya laptopu imechoka ikazima palepale. Kuwasha tena akakutana na hii:

Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)

Akadhani diski imekufa. Kumbe hizo sifuri mbili zinasema kaneli haikuona diski hata moja, na mara nyingi ni kwa sababu imeanza bila initrd, ule mzigo mdogo unaobeba madereva ya mwanzo. Nikamwambia rudi GRUB, ingia Advanced options, chagua kaneli ya zamani iliyo chini yake. Ikawaka! Nikamwambia andika ls -lh /boot unisomee kwa simu, akasoma moja moja, kila vmlinuz ilikuwa na initrd.img mwenzake isipokuwa ile mpya, vmlinuz ipo peke yake. Umeme ulikata katikati ya hapo. Tukafanya hivi:

df -h /boot
sudo dpkg --configure -a
sudo update-initramfs -c -k 6.8.0-45-generic
sudo update-grub

Hiyo namba weka ya kwako kama ulivyoiona kwenye /boot. Ule mstari wa kwanza usiuruke, /boot ikiwa imejaa initrd mpya haitaandikwa hata umeme ukiwepo mwaka mzima, toa kwanza kaneli za zamani kwa sudo apt autoremove. Kijana alirudi kazini jioni ile ile bila kudownload chochote.

Kaneli ya zamani ikigoma pia, soma panic inasema nini. Ukiona "Fatal glibc error: CPU does not support x86-64-v2" na wewe unatumia QEMU ama KVM badala ya VirtualBox, Linux yako ni ya familia ya RHEL 9 (Red Hat, pamoja na AlmaLinux 9, Rocky 9 na wenzao) ambayo haikubali prosesa ya kuigiza ya kizamani qemu64, kwa hiyo ipe prosesa halisi, -cpu host, au host-passthrough kwenye virt-manager. RHEL 10 imepanda zaidi, inataka kiwango cha prosesa cha x86-64-v3, kwa Intel Core hiyo ni kuanzia kizazi cha nne, Haswell ya 2013. Laptopu ya kizazi cha pili au cha tatu hapo hakuna setingi itakayokuokoa, baki na 9 ama uende Debian. Na ukiona "System is deadlocked on memory" ni ramu tu, umeipa VM kidogo mno. Laptopu ya GB 4 usilazimishe Ubuntu Desktop ndani yake, weka Ubuntu Server au Lubuntu, utajifunza yale yale.

Ukiangukia kwenye (initramfs) na kishale kinachezacheza, hiyo nayo ni kawaida kwetu, ni umeme umekata wakati diski inaandikwa. Juu kidogo itakuwa imekutajia patishoni inayohitaji fsck (amri ya kukagua na kutengeneza diski), tuseme /dev/sda2, andika fsck -y /dev/sda2, ngoja imalize, kisha exit. Hapa ndio utashukuru ile kopi, kwa sababu fsck inaweza kukata faili zilizoharibika.

Imevuka yote hayo imekwama mwishoni, "You are in emergency mode" au inahesabu dakika moja na nusu kungoja diski? Karibu kila mara ni /etc/fstab, ile orodha ya diski za kufungua mfumo ukiwaka. Uliongeza diski ya pili ukaitoa, au folda ya kushea, mstari ukabaki. Bonyeza Enter, linganisha blkid (amri inayoorodhesha diski zilizopo) na kilichoandikwa fstab, mstari usio na mwenyewe weka # mbele yake, na diski zisizo za lazima ziwekee nofail. Faili ikikataa kusevu anza na mount -o remount,rw /.

Skrini nyeusi bila neno lolote mara nyingi ni grafiki, mfumo wenyewe unaishi. Bonyeza Ctrl ya kulia pamoja na F3, ukipata login ya maandishi umejua. Zima VM, kwenye setingi zake za Display chagua VMSVGA, ramu ya video MB 128, toa tiki ya 3D. Bado? Ongeza nomodeset pale pale kwenye mstari wa linux.

Na ikishindikana kabisa, data bado unaitoa. Tengeneza VM nyingine ndogo inayowaka, ichomeke ile .vdi ya zamani kama diski ya pili, alafu:

lsblk
sudo mount -o ro /dev/sdb2 /mnt
ls /mnt/home

Faili zako zitakuwa pale, kopi zote kwanza, kisha ndio ufikirie kuinstoli.