Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuhamia Magomeni

Mtu anayetafuta nyumba ya kupanga Magomeni, jijini Dar es Salaam, kwa kawaida huanza na kuuliza kodi na maji. Maswali hayo ni ya lazima, lakini hayatoshi. Magomeni ni eneo la zamani, ambalo Mwalimu Nyerere aliishi na familia yake katika miaka ya harakati za uhuru, na nyumba yake ya Mtaa wa Ifunda sasa ni makumbusho. Wakazi wengi wa hapo wanajuana kwa majina, kwa wazazi wao na kwa misiba waliyozikana. Anayehamia anaingia katika ujirani wenye madai yake, na madai hayo ni ya kutoa muda wako na kufika mwenyewe kuliko ya kutoa fedha. Ni vyema ajipime mapema kama ana nafasi hiyo.

Kabla hujalipa chochote, lizunguke eneo kwa miguu. Uzuri mkubwa wa Magomeni ni kwamba soko, kituo cha afya, shule, misikiti, genge la mboga na vituo vya mwendokasi, mabasi yaliyoanza kupita Barabara ya Morogoro mwaka 2016, vyote vinafikika bila nauli. Pita alfajiri, upite tena saa mbili usiku, uone ni njia ipi ina taa na ni ipi ambayo wenyeji wenyewe wanaikwepa. Ukiweza, nenda wakati wa masika. Mto Msimbazi ukifurika, Barabara ya Morogoro imekuwa ikifungwa pale Jangwani kwa miaka mingi, na safari ya Kariakoo ambayo siku nyingine ni ya dakika chache hugeuka kuwa ya kuzunguka mbali. Katika nyumba za bondeni angalia ukuta wa nje na miguu ya milango: maji yakiingia huacha mstari wa tope ambao rangi mpya haiufichi kwa muda mrefu. Swali la mafuriko usimwulize dalali. Mwulize mama anayekaanga maandazi nje ya nyumba ya tatu.

Nyumba nyingi bado ni zile za Kiswahili zenye baraza mbele, korido katikati, vyumba pande mbili, na ua wenye choo na bafu nyuma. Jambo linalowagombanisha wapangaji kuliko yote ni LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ya mita moja kwa nyumba nzima. Uliza, kabla ya kusaini mkataba, nani anakusanya fedha za umeme, mwenye friji anachangia kiasi gani zaidi ya mwenye taa na simu tu, na umeme ukikatika usiku kabla ya mwisho wa mwezi inakuwaje. Uliza pia zamu ya kufagia ua na kuosha choo, na usidhani kwamba kumlipa mtu akufanyie zamu yako kutapokelewa vizuri kila mahali. Maghorofa ya Magomeni Kota, yaliyozinduliwa mwaka 2022 kwa kaya 644 za wakazi wa zamani wa kota, yana utaratibu tofauti. Huko ujirani hukutana kwenye ngazi na uwanjani, wala si korido moja.

Ukishapata chumba, jitambulishe katika ofisi ya serikali ya mtaa na kwa mjumbe wa eneo lako katika siku za mwanzo, kabla hujawa na shida. Barua ya utambulisho wa mkazi itahitajika ukifungua akaunti ya benki, ukifuatilia kitambulisho cha taifa au ukitaka kumdhamini ndugu, na kiongozi asiyekufahamu ana haki ya kusita kuigonga mhuri. Uliza hapohapo mchango wa ulinzi shirikishi na wa kuzoa taka unalipwa lini, na kwa nani, kisha tunza stakabadhi.

Jambo linalohitaji maandalizi makubwa zaidi ni misiba, na wageni wengi hawaliambiwi. Turubai likifungwa njiani, kila kaya inatakiwa ionekane. Wanaume hukaa nje kwenye viti na mabenchi, wanawake hukaa ndani na uani kwenye mikeka na majamvi, wakiwa wamejifunga kanga. Kwa hiyo mwanamke anayehamia ahakikishe ana doti yake safi iliyo tayari wakati wote. Kwa Waislamu, ambao ni wengi Magomeni, maziko mara nyingi hufanyika siku hiyohiyo, na taarifa ya asubuhi inaweza kuwa na maana ya kuomba ruhusa kazini kabla ya adhuhuri. Rambirambi huandikwa katika daftari, kiasi kidogo hakimwaibishi mtu, lakini kutofika kabisa hukumbukwa. Mtu ambaye kazi yake haimwachii nafasi aje jioni, aoshe vyombo au abebe maji, kwa kuwa mikono nayo huhesabiwa. Naliona jambo hili kuwa ndilo nguzo ya ujirani wote wa Magomeni, na ninamsihi anayehamia aliweke katika bajeti yake ya fedha na ya likizo.

Harusi zina kadi zake za michango na muziki wa kukesha, na mwenye mtoto mchanga au zamu za usiku ajue hilo mapema. Kuhusu watoto, patana na majirani tangu mwanzo, kwa sababu mtu mzima yeyote atamkemea mwanao akimkuta barabarani, naye mtoto atatarajiwa kumwamkia kila mkubwa shikamoo. Dukani kwa Mangi, kama anavyoitwa mwenye duka la mtaani, usianze na kukopa. Nunua kwa fedha taslimu mpaka akufahamu, na ukija kuandikwa kwenye daftari, lipa siku uliyosema.

Mwisho, panga siku ya kuhamia. Ingiza vyombo mchana, ukiwa umekwishamwarifu mwenye nyumba na mjumbe, na ubishe hodi kwa kila mpangaji wa korido kabla hujafungua maboksi. Ikiwa siku hiyo kuna msiba jirani, ahirisha kama gari halijalipiwa. Kama limelipiwa, shusha mizigo bila muziki wala kupigiana kelele, funga chumba, kisha uende ukakae na wafiwa hata kama humfahamu marehemu.