Kabla leseni haijaisha: kwa wenzangu wenye kifafa tulioko Uingereza

Wengi wetu tulio na kifafa tunapewa leseni ya udereva ya muda mfupi, ya mwaka 1, 2, 3 au 5. Ikikaribia kwisha, DVLA, mamlaka ya leseni iliyoko Swansea, hukutumia barua siku 90 kabla. Usiiweke juu ya friji ukingoja nafasi. Jaza fomu siku hiyohiyo.

Anwani iwe sahihi, kwani barua haitakufuata ulikohamia, na kutotoa taarifa ya kuhama kuna faini ya hadi pauni 1,000. Kuhuisha leseni ya namna hii ni bure. Ukiona tovuti inakudai pesa, toka.

Usifiche ugonjwa. Najua wapo watakaokushauri usiandike neno kifafa popote, hasa wazee wetu waliokulia mahali ambapo mtu akianguka sokoni watu humkimbia. Ninawaelewa, na bado nasema usiwasikilize. Kwa gari dogo, kanuni ya kawaida ni kumaliza miezi 12 bila kuanguka, basi. Ukificha, faini ni hadi pauni 1,000, bima inaweza kukuruka siku ya ajali, na ukimuumiza mtu utasimama mahakamani.

Sasa hili la daktari, ambalo mimi lilinipata.

Nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Bila gari hakuna kazi: asubuhi mmoja yuko mashariki ya mji, saa moja baadaye mwingine kule magharibi. Leseni yangu ilikuwa ya miaka 3 na nilikuwa sijaanguka muda wote huo. Barua ilipokuja nikajaza fomu usiku uleule, nikijiona mtu makini. Penye jina la daktari bingwa wa mishipa ya fahamu nikaandika yule aliyenitibu mwanzo, katika mji nilioishi kabla ya kuhama. Jina lake nililijua kwa moyo. Huyu mpya nilikuwa nimemwona mara mbili tu.

DVLA wakaandika kule, kama nilivyowaelekeza. Daktari yule alikwisha kuondoka, na barua ikakaa kwenye kliniki ile hakuna aliyeigusa. Wiki ya tisa nikapiga simu, nikaambiwa wanasubiri ripoti ya daktari. Leseni ikaisha Jumapili. Jumatatu nikampa msimamizi wangu funguo za gari la kazi, naye akaniondoa kwenye zamu. Nikabaki na bibi mmoja ninayeweza kumfikia kwa miguu. Wiki 11 nimeishi kwa mshahara wa bibi mmoja, kodi ya nyumba nikaikopa kwa dada yangu.

Mwisho wa wiki hizo nikaenda kliniki, muuguzi wa kifafa akaniuliza nimekuja na nini. Nikamwambia nimekuja kwa basi, leseni imeisha. Akaniangalia. "Nani amekukataza kuendesha?" Hakuna aliyenikataza. Nilijikataza mwenyewe kwa kutojua.

Kuna kifungu cha 88 cha sheria ya trafiki ya mwaka 1988. Kinakuruhusu kuendelea kuendesha wakati maombi yako yanashughulikiwa, hata kama kadi imekwisha muda, ila masharti yote yatimie: daktari wako awe amekuambia unafaa kuendesha, DVLA wawe wamepokea maombi yako na hayajafikisha miezi 12, leseni ya mwisho isiwe imefutwa au kukataliwa kwa sababu ya afya, usiwe umefungiwa na mahakama, na uendeshe aina zilezile za magari ulizoruhusiwa. Omba kauli ya daktari kwa maandishi. Mwajiri na kampuni ya bima wapelekee nakala kabla kadi haijaisha. Na kabla ya kuposti fomu, mpigie katibu wa daktari unayemwona sasa, umwambie kuna barua inakuja. Baada ya wiki mbili mpigie tena. Utaonekana msumbufu, lakini piga.

Hapohapo kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Ukianguka, acha kuendesha siku hiyo, uwaarifu DVLA, na urudishe leseni mwenyewe kwa hiari. Usingoje waifute. Aliyerudisha kwa hiari, akishapona na kutuma maombi, anaweza kutumia kifungu hicho cha 88. Aliyefutiwa anakaa nyumbani mpaka kadi mpya ifike. Maombi unaweza kuyatuma wiki 8 kabla ya muda wako wa kukaa bila kuendesha kwisha, kwa hiyo tia alama kwenye kalenda. Katika miezi hiyo ya kungoja, ulizia halmashauri yako pasi ya basi ya bure. Asiyeweza kupewa leseni kwa sababu ya kifafa anastahili.

Mtu asikudanganye kuhusu kazi ya lori au basi. Huko wanataka miaka 10 bila kuanguka na bila kutumia dawa za kifafa.

Daktari akitaka kupunguza au kubadili dawa, muulize kuhusu gari kabla hujameza dozi mpya. Ramadhani ikikaribia, panga naye saa za dawa mapema, usiruke dozi kimyakimya. Zamu ya usiku ikikutoa bila usingizi, panda basi. Ukienda nyumbani likizo, mwambie anayekupa vidonge vya kuzuia malaria kwamba una kifafa, kwa maana mefloquine na klorokwini hazitufai. Umeambiwa usiendeshe huku, basi usiguse funguo za gari la kaka yako Tanga pia. Na dawa zako ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege.