Kabla hujabuku kambi, angalia ziwa liko upande gani

Mlioko Minnesota, Wisconsin ama Michigan huko Marekani mnaotaka kupeleka watoto kambi: kabla hujalipia fungua ramani ya satelaiti, na ili kuepuka mbu chagua nafasi ya hema iliyo ufuo wa mashariki ama kaskazini wa ziwa, palipo wazi, mbali na kinamasi. Kule kiangazi upepo mara nyingi unatoka magharibi ama kusini, unapita juu ya maji unakufikia moja kwa moja na mbu hawawezi kuruka vizuri kwenye upepo. Jioni upepo ukitulia mbu wanarudi, so beba dawa. Kupe wa msituni ndo hawajali upepo kabisa, kagua watoto kila usiku, nyuma ya masikio, kwapani. Na wakitabiri dhoruba ya radi hamisheni watoto, upepo wake unaweza kuangusha miti.